Nani Ashike Upawa wa Nyakisu?

Kaeni vizuri. Mwenye swali alimeze kwanza, maana leo swali ni langu, na jibu nimelitafuta sina.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Sangwa alikuwa mwanamke wa Kisaro, mchemsha chumvi katika chemchemi ya Nyakisu. Kipaji chake kilikuwa moto. Alilitazama karai la maji ya chumvi, pana kama mlango, akakwambia litakauka saa ngapi na ukuni upi uutoe ili chumvi isiungue. Mumewe aliuawa na Walumba mwezi wa kwanza wa vita.

Mbonye alikuwa mkalimani. Mama yake Msaro, baba yake Mlumba, kwa hiyo kila upande ulimwita mtu wa upande wa pili. Kipaji chake kilikuwa usahihi. Neno alilipokea kwa lugha moja akalitoa kwa nyingine bila kuongeza wala kupunguza, hata likiwa tusi, hata tusi likiwa lake.

Kapteni Anselmo alikuwa mgeni, mkuu wa askari wa kulinda amani, wale wenye kofia za samawati. Kipaji chake kilikuwa utii. Miaka ishirini na miwili jeshini hakuwahi kuvunja amri hata moja. Huyo alikuwa na malori sita, bunduki ambazo hakuruhusiwa kuzitumia, na daraja ambalo hakuruhusiwa kulivuka.

Sasa vita vyenyewe. Msiniulize vilianzia wapi, kwa sababu nimewauliza Wasaro wakaniambia Walumba walianza, nimewauliza Walumba wakaniambia Wasaro walianza, kama watoto waliovunja chungu. Wasaro walikuwa na chemchemi. Walumba walikuwa na msitu. Bila maji ya Wasaro hakuna chumvi, na bila kuni za Walumba hakuna chumvi. Wameoana, wamezikana, wamezaliana. Hata hivyo siku moja watu wazima, wenye akili zao na ndevu zao, waliamka wakaanza kuuana.

Mwaka wa pili wa vita, wapiganaji wa Kisaro waliwakusanya Walumba wote waliokuwa wakiishi upande wa chemchemi, watu mia tatu na arobaini, wengi wao wanawake, wazee na watoto, wakawafungia katika mabanda ya kukaushia chumvi, palepale chemchemini. Kamanda wao aliitwa Ruhinja. Alikusudia kuwamaliza siku ileile.

Hakuweza, na kilichomzuia ni karai.

Pale Nyakisu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Karai likiwa motoni, damu haimwagwi chemchemini. Ikimwagika, chumvi itakuwa chungu, na itabaki chungu mpaka mmwagaji na uzao wake waishe. Vijana wa Ruhinja walikuwa wamechoma nyumba za ibada na zahanati, lakini hilo hawakuthubutu. Mama zao waliwafundisha kabla hawajajua kutembea.

Basi Sangwa aliposikia Walumba wamefungiwa, alikwenda chemchemini, akateka maji, akabandika karai, akawasha moto.

"Mama Sangwa," Ruhinja akamwambia, "chumvi yote hii ya nani? Soko limekufa."

"Chumvi haiozi," akajibu. "Pisha, unanizibia upepo."

"Hao ndio waliomuua mumeo."

"Najua waliomuua mume wangu. Nilimwosha mimi, hukumwosha wewe. Nimesema pisha."

Akachemsha siku tisa. Karai likikaribia kukauka aliongeza maji, na moto ukikaribia kulala aliongeza kuni. Lakini kuni hutoka msituni kwa Walumba, na njia ya msituni ilifungwa na vita. Kuni zilipokwisha siku ya tatu akachoma uzio wake. Siku ya tano akachoma milango. Kisha kinu, mchi, kabati, na kitanda alichozalia watoto wanne. Siku ya nane alikuwa anang'oa miti ya paa.

Upande wa pili wa daraja, Kapteni Anselmo alikuwa akiutazama moshi ule kwa darubini. Siku ya kwanza alimwuliza Mbonye, "Moshi ule ni wa nini?"

"Wanachemsha chumvi," Mbonye akasema.

Ilikuwa kweli. Aliulizwa moshi wa nini, akajibu moshi wa nini. Hakuulizwa kwa nini mtu achemshe chumvi vitani. Kapteni naye akaandika ripoti kwenda makao makuu: hali Nyakisu ni shwari, wananchi wanaendelea na shughuli za uzalishaji. Akaandika hivyo siku saba mfululizo, kwa mwandiko mzuri. Kule makao makuu walifurahi sana. Nyakisu ikawekwa kwenye ramani kwa rangi ya kijani.

Nikifika hapa huwa nataka kurusha kitu. Lakini tuendelee.

Siku ya nane Mbonye alivuka daraja kwa miguu kwenda kwa mama yake mdogo, akamkuta Sangwa juu ya nyumba yake mwenyewe, anang'oa paa.

"Wewe mwenye lugha nne," Sangwa akamwita, "umewaambia nini hao wageni wako?"

"Kwamba mnachemsha chumvi."

Sangwa akashuka. Watu wanasema alimpiga kofi. Wengine wanasema alitaka kumpiga, lakini mikono ilikuwa imeungua. "Kuni zimebaki za mpaka kesho mchana," akasema. "Karai likipoa, watu mia tatu na arobaini wanakufa. Hayo nayo yatafsiri."

Mbonye akarudi mbio, akatafsiri kila neno. Kapteni akakaa kitako. Halafu akapiga simu ya upepo makao makuu. Wakamjibu kwamba ripoti zake zinasema hali ni shwari. Akasema ripoti zake zilikosea. Wakamwambia avute subira: kuvuka daraja kunahitaji barua yenye mihuri ya pande zote mbili, na kamati inayoshughulikia barua inakaa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kesho yake asubuhi Kapteni alikwenda na Mbonye hadi kizuizi cha Ruhinja, katikati ya daraja, kuomba.

Ruhinja alikuwa anakula muwa. "Mwambie huyo mzee wa kofia," akasema, "akileta lori hata moja ng'ambo hii, wale watu sitangoja karai lipoe. Chumvi ikiwa chungu na iwe chungu."

Kapteni akamgeukia Mbonye. "Anasemaje?"

Mbonye alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, na hakuwahi kubadili neno. Akasema, "Anasema uwachukue. Lakini iwe leo, kabla hajageuza nia."

Kapteni akashusha pumzi. "Mwambie namshukuru. Mwambie pia sina ruhusa ya kufyatua risasi hata moja, asiwe na hofu nasi."

Mbonye akamgeukia Ruhinja. "Anasema ndege mbili za vita zimekwisha kuruka. Zikifika zikukute hapa, shauri yako."

Ruhinja akaacha kutafuna. Akatazama juu. "Ndege?"

"Mbili."

"Mbona huyu mkubwa wako anatabasamu?"

"Ndivyo walivyo," Mbonye akasema. "Wakikasirika sana hutabasamu."

Ruhinja akawaondoa vijana wake wote, wakapanda mlimani kujificha mapangoni. Kapteni alidhani wanampisha kwa heshima. Sasa alikuwa na kauli ya Ruhinja, au alidhani anayo, lakini barua hakuwa nayo, na makao makuu walikwisha kumwambia angoje. Simu ikalia ndani ya gari. Akaisikiliza inavyolia. Kisha akaizima, akapanda lori la kwanza mwenyewe, akavuka.

Walipakiwa watu wote mia tatu na arobaini, wamebanana kama magunia. Sangwa aliendelea kuchochea moto bila kuinua kichwa. Bibi mmoja wa Kilumba, Nakwesa, akamwita kutoka juu ya lori.

"Sangwa! Umechoma kitanda chako kwa ajili yetu?"

"Sikuchoma kwa ajili yenu. Kaa vizuri usianguke."

Halafu akamwuliza Kapteni, "Unawapeleka wapi?"

Mbonye akatafsiri. Kapteni akasema, "Mahali salama."

"Wamezaliwa hapa. Ruhinja alitaka waondoke, na wewe unawaondoa. Tofauti yenu ni nini?"

Mbonye akalitafsiri na hilo, bila kupunguza. Kapteni akapanda lori. Malori yakaondoka. Baada ya saa moja, gogo la mwisho la nyumba ya Sangwa lilikuwa majivu.

Mngependa iishie hapo. Haikuishia hapo.

Ruhinja alingoja ndege siku mbili. Alipojua amedanganywa, alishuka akavamia kituo cha wale askari, akaua watano, vijana waliokuja kutoka mbali kulinda daraja lisilo lao. Makao makuu yakaandika barua kali kwa pande zote mbili. Kapteni akaitwa kwao, akavuliwa cheo. Wale Walumba wa malorini wako kambini mpaka leo, mwaka wa tatu sasa, wakila unga wa kugawiwa, na wazee kumi na mmoja wamezikwa huko. Vita vikaisha kwa sababu watu walichoka, si kwa sababu walijuta. Wakubwa wakatia saini katika hoteli ya nchi nyingine. Ruhinja leo ana ofisi yenye mapazia.

Wasaro na Walumba walipokutana kupatana, jambo la kwanza lilikuwa upawa. Nyakisu maji hayatekwi ovyo. Kuna upawa wa mti wa kuchotea, na mwenye kuushika ndiye anayesema nani achote lini na nani angoje, maisha yake yote. Wakati wa vita kila upande ulichonga wake. Sasa wakazivunja pawa zote mbili, wakachonga mmoja, na wakakubaliana apewe mtu mmoja tu: yule aliyewaokoa wale mia tatu na arobaini. Wale walio kambini wakatuma neno kwamba hawatarudi mpaka wasikie jina, maana wanataka kujua wanarudi mikononi mwa nani.

Wakaitwa wote watatu. Kapteni alifika kwa basi, amevaa shati la kawaida, goti linamsumbua.

Nakwesa akasimama kwa niaba ya kambi. "Tupeni Mbonye. Bila uongo wake malori yangegeukia kizuizini."

"Mtu aliyedanganya pande mbili kwa wakati mmoja?" mzee mmoja wa Kisaro akadakia. "Kesho akikwambia zamu yako bado, utajuaje ni kweli? Na wale askari watano, damu yao iko mdomoni mwa nani?"

Mbonye akasema, "Miaka kumi na tisa nilisema kweli tupu, na kweli yangu ilikaribia kuwaua watu hawa. Nilisema uongo mara moja tu. Mkinipa upawa, sijui nitawachotea kwa ipi."

"Basi apewe mgeni," wengine wakasema. "Hana ndugu hapa, hatapendelea. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone."

"Alikuja, tukapona nusu," akajibiwa. "Ataelewa vipi ugomvi wa majirani, wakati moshi tu ulimshinda?"

Kapteni akasema, na Mbonye akamtafsiria, "Niliandika shwari mara saba. Mama wa wale vijana watano huniandikia barua, na kila moja naijibu. Mkinipa, nitakaa hapa mpaka nife. Kwetu sina cha kurudia."

"Apewe Sangwa," Wasaro wakasema. "Bila moto wake, malori yangekuta maiti."

Hapo Walumba walimkumbuka mumewe, na walijua aliyemuua alitoka kwao.

Sangwa hakusimama. Mpaka leo anaishi chini ya turubai. "Nikipewa nitamchotea kila mtu kwa zamu yake," akasema. "Lakini asitokee mtu wa kuniambia niwasamehe, wala niwachekee. Sikuwaokoa kwa kuwapenda. Kila ukuni niliotia niliwalaani."

"Sasa kwa nini ulitia?" Nakwesa akamwuliza.

"Ulitaka nifanye nini, nipike ugali huku mnakufa?"

Baraza likakaa siku tatu. Likavunjika bila jina, na upawa ukawekwa juu ya jiwe la chemchemi, haujalowa.

Sasa nyinyi. Msiniambie wagawane, upawa una mpini mmoja, na walipokuwa na pawa mbili mmeona. Msiniambie wapokezane, maana nimelea watoto sita na najua zamu huishia wapi. Wala msiniambie hakuna anayestahili, kwa sababu watu walewale, ukiondoa kumi na mmoja, wanangoja kambini, chakula chao hakina chumvi, na mvua zikianza chemchemi itafunikwa na maji ya mto mpaka mwaka ujao.

Aliyewaweka hai huku akiwachukia, aliyewatetea kwa uongo uliowaua wengine, au aliyekuja amechelewa akawachukua akawatoa kwao? Jina moja. Wewe ungempa nani, na ungewaendea vipi wale wawili kuwaeleza?