Zizi la Baridi

Nianze, nisianze?
— Anza!
Niseme, ninyamaze?
— Sema, tukusikie!

Hapo zamani za kale, chini ya mlima mrefu, aliishi mjane aitwaye Mashavu na wanawe wawili pacha. Hakuwa na kitu ila shamba la maharage. Mwaka huo maharage yalipotoa maua, baridi kali ikashuka. Asubuhi Mashavu akakuta sakitu, umande ulioganda mweupe, juu ya majani, na maua yameungua kama yaliyopitiwa na moto. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu yalisalia matuta manne tu.

Mashavu akamwendea Upepo wa Chini, akamlaumu. Upepo akaapa kwamba baridi si yake, inatoka juu.

Basi akamwomba Kipungu, ndege arukaye kupita wote, amfikie Upepo wa Juu. Kipungu akaruka, akafika mawinguni, akarudi. Akaruka tena, akayapita mawingu, akachoka, akarudi. Mashavu hakumsema, alimpa maji, akamsihi. Mara ya tatu akaruka, akaruka, akaruka, hata akamkuta Upepo wa Juu ameketi, anakanda goti.

"Bwana Upepo, mbona baridi imetoroka?"

"Kazi yangu ni kulizunguka zizi la baridi, isitoke. Lakini huko chini mdogo wangu anapigana na mlima. Kila akiupiga, wimbi la upepo hupanda mpaka huku, likanipiga mtama. Nikianguka, baridi inateremka."

Mashavu alipoletewa maneno hayo, alirudi kwa Upepo wa Chini. Safari hii hakulaumu.

"Bwana Upepo, ukiusukuma mlima, anayeanguka ni kaka yako kule juu. Na akianguka yeye, wanangu ndio wanaokosa kula."

Upepo wa Chini akatazama juu. Hakujua kuwa nguvu zake zinafika mbali hivyo. Akaona haya, akaanza kuupita mlima polepole.

Huko juu kaka yake akainuka, akachechemea, akazunguka. Lakini baridi iliyokwisha kushuka haikuondoka siku ile. Mashavu akafunika matuta yake kwa majani ya mgomba, akangoja. Siku ya kwanza, sakitu. Siku ya pili, sakitu kidogo. Siku ya tatu akafunua, akapapasa majani, akakuta umande mtupu. Akaketi pale pale kwenye tope, akashusha pumzi. Pacha wakamuuliza kama analia. Akasema hapana, anapumua.

Wa juu na wa chini ni wa nyumba moja. Wakisukumana, baridi humpata wa tatu. Hadithi nimeitua, mwenye mgongo aibebe. Na wewe unayemsukuma mwenzio mkekani, koma, nisije nikaanguka mie.