Ngiri Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kivivu, lakini nitawasimulia hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, katika hifadhi ya mbali ambako gari halifiki, wageni walitembea kwa miguu kutazama wanyama. Walikwenda mstari mmoja, kimya, askari mwenye bunduki mbele. Kila aliposimama alichota vumbi, akalimwaga, ajue upepo unakwenda wapi. Wanyama wakisikia viatu, kwacha, kwacha, wote mbio.

Hapo aliishi Bi Ngiri na watoto wake watatu. Ngiri wana desturi yao. Watoto huingia shimoni kwanza, kisha mama huingia kinyumenyume, matako kwanza, meno yake marefu yabaki mlangoni. Sasa dada yake Bi Ngiri, siku moja wageni walipotokea, aliogopa akaacha desturi. Akatumbukia kichwa mbele. Fisi alikuwa nyuma yake. Akamla yeye, akawala na watoto wake.

Tangu siku hiyo Bi Ngiri akaamua. "Mimi nitaingia kinyumenyume, hata waje na ngoma."

Kanga akamcheka. "Shoga, watu wamefika, nawe unajigeuzageuza kama bibi harusi anayetafuta kiti?"

"Nitageuka."

"Na wakikupiga risasi?"

"Nitakuwa nimegeuka."

Asubuhi moja, kwacha, kwacha. Swala huyoo. Pundamilia huyoo. Kanga, purrr, shoga kamsahau. Bi Ngiri akawasukuma watoto shimoni, mmoja, wa pili, wa tatu.

Sauti ikatoka kichakani. "Ingia upesi, shemeji. Watu hao wanakuja. Mambo ya kugeuka waachie wenye nafasi."

Alikuwa Fisi.

"Na wewe mbona hukimbii?" akauliza Bi Ngiri.

Fisi akajikunyata zaidi kichakani.

Bi Ngiri akageuka. Kugeuka ni kuwatazama watu uso kwa uso, na aliogopa, msidhani hakuogopa. Akarudi nyuma hatua. Askari akainua mkono, mstari wote ukasimama. Akarudi tena. Vumbi likamwingia machoni. Akarudi tena, mpaka akasikia watoto wanamgusa kwa nyuma.

Fisi, njaa ikamshinda akili. Akaruka, akachomeka mdomo shimoni.

Chwa!

Akatoka pua imepasuka, akakimbia akilia mbele ya wageni wote.

Mgeni mmoja akauliza, "Huyo ndiye simba?"

"Huyo ni mwizi, mama," askari akajibu. "Twende."

Basi nawaambia ninyi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Hofu ikija, fanya lile unalojua ni sawa, tena kwa utaratibu wake. Na anayekuhimiza uliache, mtazame kwanza yeye anangoja nini.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kuirefusha, atoe yake.