Swali la Bi Sikudhani

Hadithi hii haina utamu, na anayetaka kucheka leo aiache hapa hapa. Lakini kama una ndugu anayeendesha pikipiki ya umeme, isome mpaka mwisho, kisha umpelekee kabla hajachomeka chaja.

Alikuwepo mjane mmoja, Bi Sikudhani, mwenye nyumba ya kupangisha. Vyumba vyake vilizunguka ua mmoja, na yeye mwenyewe alikaa kwenye nyumba ya mbele. Wapangaji wake wengi walikuwa vijana wa bodaboda. Zilipoingia pikipiki za umeme waliachana na petroli kwa furaha, na kila jioni betri zikawa zinaingia vyumbani na kuchajiwa chini ya vitanda.

Bi Sikudhani hakuipenda hali ile. Sote tunazijua nyumba zetu. Mlango ni mmoja, na madirisha tumeyafunga nondo kwa kuogopa wezi. Aliona wazi kwamba kitu kikiwaka moto karibu na mlango, aliye ndani hana pa kutokea.

Basi akamwita fundi, akajenga banda uani. Paa la bati, kuta hakuna, chini mchanga. Kisha akawaita wapangaji wote na kuwaambia sheria zake. Betri zitachajiwa bandani tu. Betri ikiwa kwenye chaja, lazima awepo mtu wa kuitazama. Na betri iliyoanguka, au iliyotuna, au iliyoingia maji, isichomekwe kabisa. Iende kwa fundi kwanza.

Vijana walinung'unika chini chini, isipokuwa Chande, ambaye hakuzoea kukaa na neno moyoni. Chande alikuwa mchapakazi, na mkewe alikuwa ametoka kujifungua.

"Bibi, fundi wa betri yuko mjini," alisema. "Ikifika kwake inakaa wiki nzima. Wiki hiyo nitakula nini na mzazi ndani?"

Bi Sikudhani akasema amesikia, akarudia kuchambua mchele wake. Chande akaondoka amekasirika. Alijua amepuuzwa.

Masika yakaingia. Siku moja ya gulio, njia ikiwa tope tupu, pikipiki ya Chande iliteleza. Yeye alichubuka goti tu, lakini betri ilichomoka mahali pake ikajipiga kwenye jiwe. Ganda lake likapata ufa, na ubavu mmoja ukaanza kutuna. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Jicho lilikuwa halioni, ila kiganja kikipita juu yake kilijua.

Chande alijua pia. Alifuta tope, akafunika ufa kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, na juu ya tepu akabandika stika iliyoandikwa "Wivu wa Nini". Betri ikapendeza kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanguka.

Mchana huo chaji ilimwishia, na abiria wa gulio walikuwa bado tele. Aliporudi uani akakuta upepo umepeleka mvua mpaka katikati ya banda na mchanga wote umelowa. Kuchajia pale kulikuwa hakuwezekani. Akaenda kubisha kwa Bi Sikudhani, betri kaikumbatia ndani ya koti.

Alimweleza shida yake, akamwomba soketi ya sebuleni kwake, kwa leo tu. Yule mama hakukubali haraka. Aliangalia mvua, akaangalia chumba cha Chande, ambako mtoto alikuwa akilia. Kisha akauliza swali moja.

"Chande, betri hii imeanguka?"

Tumezoea kusoma kwamba mtihani hutolewa na mfalme, mbele ya mawaziri na tarumbeta. Chande alipewa wake mlangoni, na mama mzee mwenye ungo mkononi. Na ulikuwa mwepesi kabisa, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Haijaanguka, bibi."

"Haya. Ukishasema wewe, nimeamini. Iweke hapo karibu na mlango, nitaikalia mwenyewe."

Chande alichomeka chaja, akashukuru, akaenda chumbani kwake kumbembeleza mtoto. Bi Sikudhani akavuta mkeka, akakaa pembeni ya betri na ungo wake, kama alivyoahidi. Aliivunja sheria moja kwa huruma, lakini zile nyingine mbili alizishika. Kwa ile ya tatu, alitegemea ulimi wa mtu.

Iliponadiwa swala ya alasiri, aliingia chumba cha ndani kuswali. Swala haichukui muda mrefu. Betri nayo haikuchukua muda mrefu.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na hakuna aliyesikia kitu. Watu walishtuka walipoona moshi mweusi unatoka chini ya paa. Walipofika, mlango wa mbele ulikuwa unawaka wote. Wakazungukia dirishani. Nondo zilikuwa imara, kama alivyotaka fundi aliyezitia. Chande alizishika kwa mikono mitupu, zikamchoma, naye akaendelea kuvuta huku akiita, "Bibi! Bibi!" Hakuitikiwa. Nondo zilipong'oka, walimkuta juu ya msala wake. Moto haukumfikia. Moshi ulitosha.

Msiba ukawekwa. Nimekaa misiba mingi, na najua kwamba kwenye turubai midomo haipumziki. Watu walianza kunong'ona. Yule mama alikuwa anawakataza wenzake, kumbe yeye anachajia sebuleni. Mwingine akasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwingine akacheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa. Nassoro, mtoto wake wa pekee, aliyefika kutoka mjini, aliyasikia yote. Alikaa ameinamisha kichwa. Kufiwa na mama kunauma, na kusikia jina lake likichezewa kabla hajazikwa kunauma zaidi.

Chande pia aliyasikia. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, na watu walikuwa wakimsifu kwa ushujaa wake pale dirishani. Ufa, tepu na stika vyote vilikuwa majivu. Hakuna duniani aliyejua isipokuwa yeye; hata aliyekuwa ndani ya jeneza aliondoka akiamini haijaanguka.

Kabla ya kuswalia maiti, shehe alisimama akasema maneno tunayoyajua. Kama kuna anayemdai marehemu, awaone wafiwa. Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye pia awaone, ili mama huyu aende akiwa mwepesi.

Kwa kawaida hapo watu hukaa kimya na shughuli ikaendelea. Chande akasimama.

Nassoro alidhani anajua ni nini. Alimwambia kwa upole kwamba kama ni kodi ya chumba, wameshaisamehe, akae tu.

"Si kodi," alisema Chande. "Ninadaiwa jibu. Aliniuliza kama betri imeanguka, nikasema haijaanguka. Ilikuwa imeanguka. Niliibandika stika juu ya ufa. Yeye alinionea huruma kwa mvua ile, akaikalia mwenyewe. Msimseme tena mama wa watu. Mwenye kosa nimesimama hapa."

Wale waliokuwa wakinong'ona waliangalia viatu vyao. Wengine walidhani Nassoro atampiga, na sidhani kama yupo ambaye angemzuia.

Nassoro hakumpiga. Alisema kwa sauti ya chini:

"Mama alinipigia simu wiki iliyopita. Aliniambia vijana wake wanaficha betri mbovu kwa kuogopa njaa. Akaniagiza ninunue betri moja ya akiba, ikae kwake, awe anaazimwa yule ambaye yake iko kwa fundi. Nilikuwa niilete Ijumaa." Akaelekeza kidole nje ya turubai. "Nimekuja nayo msibani. Iko kwenye gari."

Hapo Chande akaelewa kwamba siku ile ya mchele alikuwa amesikilizwa. Akalia mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jeneza likainuliwa. Alitaka naye atie bega, lakini akarudi hatua moja, akafuata nyuma ya wote. Baadaye polisi walimwita akawaeleza yote, na adhabu yake aliibeba. Ile iliyobaki, ambayo haitolewi na hakimu, anaibeba mpaka leo.

Betri ya akiba ipo bandani, na imeshaazimwa na wengi. Kila anayekuja kuchaji huulizwa kwanza kama betri yake imeanguka. Anayeuliza ni Chande. Huuliza taratibu, akiwa amekunja vile viganja vyenye makovu, kisha husubiri jibu bila kumharakisha mtu.

Funzo: Betri iliyoanguka au kutuna usiichomeke, na ukiulizwa habari zake sema kweli, kwa maana uongo uliousema ili usilale njaa unaweza kuwaka mlangoni kwa aliyekuamini, naye akakosa pa kutokea.