Kikombe Nyuma ya Mlango

Nitawapa mfano, na tafadhali msigeuke kumwangalia jirani. Simsemi mtu wa hapa.

Kulikuwa na mji mmoja ambao manispaa yake ilijenga nyumba kwa ajili ya watu wasiojiweza, kodi yake ndogo sana. Bwana mmoja akapewa, na alipopewa alistahili kweli, maana alikuwa hana mbele wala nyuma. Baadaye mambo yakamnyookea. Akajenga kwake kule mlimani, na geti akaweka. Sasa ile nyumba ya manispaa akairudisha? Thubutu! Akampangisha mama mjane, muuza vitumbua, kwa kodi ya mjini. Na yule mama, kwa hofu ya kulala nje na wanawe, akalipa na kunyamaza.

Manispaa wakasikia minong'ono, wakataka kujua ni nyumba ngapi zina udanganyifu wa namna hiyo. Wakafanyaje? Wakapitisha gari la matangazo: Jumanne tutakagua! Jumanne hiyo kila mwenye jina lake daftarini alikuwa amekaa kibarazani kwake, kavaa kandambili, anapiga miayo. Hesabu ikatoka safi, hakuna mdanganyifu hata mmoja. Mji wa malaika huo, ndugu zangu.

Mwaka uliofuata gari likapita tena, lakini safari hii alitumwa mkaguzi mwingine, mama mtu mzima. Yule bwana alikuwa ameshafika, yuko na msuli na fulana. Alikwisha kumwonya mjane kwamba akiulizwa, aseme yeye ni shemeji aliyekuja kusalimia, akae mkekani na asitie neno.

Mkaguzi akapiga hodi, akakaribishwa. Hakuomba karatasi wala hakuuliza jina. Alijipepea tu kwa ncha ya mtandio, akasema, "Baba, jua la leo kali. Naomba maji ya kunywa."

Nani kwetu hapa anamnyima mgeni maji? Bwana akainuka kwa madaha. Mlango wa kwanza aliofungua, akakuta kitanda. Akacheka kidogo, akafungua wa pili, ndiyo jiko. Tungemsikia, kama tungekuwepo, akigonganisha masufuria. Mwishowe akatoka na maji kwenye bakuli, meupe kama tui.

Mjane alipoyaona, alisahau onyo lote. Mgeni anyweshwe maji yale, yeye akiwa amekaa? Aibu ilimshinda hofu.

"Usinywe hayo, mama," alisema. "Hayo nimelowekea mchele wa vitumbua."

Akainuka, akapeleka mkono nyuma ya mlango bila hata kutazama, akatoa kikombe, akachota mtungini, akampa kwa mikono miwili. Ndipo akajua alichokifanya. Akakaa chini akilia, maana aliona wanawe wako barabarani tayari.

Mkaguzi akanywa mpaka akamaliza. Akashukuru. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Ufunguo, baba," akasema. "Mpe mwenyeji."

Mnamcheka? Mchekeni polepole. Jina lake lilikuwa sahihi. Nyumba alipewa kwa haki. Kosa lake ni kwamba alihama, akabaki na ufunguo.

Na sisi je? Imani hii hatukuinunua, tulipewa tukiwa hatuna kitu. Majina yetu yameandikwa, ubatizo tunao. Lakini tunaishi wapi? Humu moyoni tumempangisha kinyongo, tumempangisha wivu, sisi wenyewe tuko mlimani na geti letu. Tukisikia Pasaka imekaribia, tukisikia kuna msiba, tunakuja mbio na kandambili zetu, tunakaa kibarazani. Nani atajua?

Mwenye nyumba atajua. Yeye hapitishi gari la matangazo. Atakuja siku ya kawaida tu, katika sura ya jirani mwenye njaa au ndugu uliyemkosea, naye hatauliza jina lako. Ataomba maji.

Lakini sina wasiwasi nanyi, nawaambia kweli. Ufunguo bado tunao mkononi, na nyumba ni ileile. Turudi tukakae, ndugu zangu, leo hii, ili akibisha hodi mkono wako uende wenyewe nyuma ya mlango.