Hodi ya Tajiri Haidari

Si zamani sana, tovuti ya tajiri Haidari ilianza kumwandama Bi Mize mshonaji, ikaandika kila alichotazama mtandaoni, hata dawa ya bawasiri. Mize akaona haya, akamwendea kumsihi aache.

"Tovuti yangu hupiga hodi," tajiri akasema. "Maandishi yapo chini ya ukurasa. Asiyekataa, amekubali."

"Madogo kama mayai ya chawa!"

"Hodi ni hodi, mama."

"Hapo umenena, bwana."

Kesho yake tajiri alitoka kuoga, akamkuta Mize sebuleni akiandika daftarini: *Taulo limetoboka. Nywele za bandia ziko kitini.*

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Nilipiga hodi, bwana. Kwa kunong'ona. Hukukataa."

"Futa hayo yote!"

"Anza wewe."