Besi ya Mzee Luhanga

Dukani kwa Mzee Luhanga, Morogoro, sheria ilikuwa moja: ukigusa gitaa umenunua, pamoja na spika, mkanda na mfuko wake. Wanaojifunza ndio aliowapenda zaidi, maana waliona haya kukataa.

Sikudhani, aliyekuwa akijifunza gitaa la besi, aliingia dukani mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee. Nataka besi, ila sijui kuchagua."

"Marahaba. Shika hii nyeusi. Hutajuta."

"Wanamuziki wanasema hiyo hailii ukumbini. Eti hata wewe huiwezi."

Luhanga alivimba. "Mimi? Nimepiga besi wewe hujazaliwa! Ukumbi gani?"

"Huo wa nyuma ya soko, Jumamosi jioni. Ila spika za huko mbovu."

"Nakuja na zangu!"

Jumamosi alifika na pikapu imejaa vyombo. Alipoona bendi imejipanga na ukumbi umefurika watu waliopendeza, akajua wamekuja kumsikia yeye. Alipiga mpaka shati likalowa. Kila alipotaka kupumzika, Sikudhani alikunja uso.

"Kwenye rumba nimeisikia, mzee. Sijui kwenye chakacha."

Akapiga chakacha. Mwishowe akaivua besi, akihema.

"Haya, unaichukua?"

Sikudhani akatoa mkono wake mgongoni. Vidole vilikuwa vimefungwa bendeji.

"Nilijikata jikoni, nikawa sina wa kupiga besi kwenye harusi ya dada. Mungu akubariki. Besi ni nzuri kweli, mzee, lakini aliyeigusa ni wewe."