Weusi Ulioshika kwenye Stenlesi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kuna jambo linatafuta mwamuzi.

Usa River, nje kidogo ya mji wa Arusha, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Elifuraha Pallangyo alikuwa na mikono: ukimpa kipande cha chuma asubuhi, jioni anakurudishia kimekuwa kile ulichokitaka. Mwalimu Kaanaeli, mstaafu wa maabara ya sekondari, alikuwa na elimu: alijua kwa nini kitu hiki hushikana na kile, na kingine hukataa. Na Mwajabu, aliyekuwa akiosha na kutunza vifaa vya uwanjani, alikuwa na shaka. Hakuamini kitu mpaka ajaribu kukiharibu kimshinde.

Aliyewakutanisha ni Namnyaki, nahodha wa wanawake sita waliocheza peintiboli, ule mchezo wa kuviziana vichakani na kupigana kwa vidonge vya rangi vinavyopasukia mwilini. Uwanja wao ulikuwa shamba la kahawa lililoachwa. Bunduki walizinunua zikiwa zimeshatumika, na vyuma vyake vilikuwa vimeliwa na kutu. Elifuraha akawakerezea vipya vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu: mitutu sita na pistoni sita, yaani kile kipande cha ndani kinachokwenda mbele na nyuma kusukuma kidonge. Akaving'arisha mwezi mzima, hadi ukiutazama mtutu unaona meno yako.

Mng'aro huo ndio uliowaponza. Siku walipocheza na timu ya Moshi, Namnyaki alijilaza chini ya mibuni, akaamini amejificha. Jua likapiga mtutu wake. Kidonge kikampata begani kabla hajaona kilikotoka. Nusu saa haikuisha, wote sita walikuwa nje. Nahodha wa Moshi alimwambia baadaye, wala si kwa kejeli, "Dada, sisi tulikuwa tunafuata vioo tu."

Namnyaki alirudi nyumbani na aibu ambayo hakumwambia mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeusifia mng'aro ule kuliko wote. Marudiano yalikuwa baada ya miezi miwili, na mshindi angekwenda kwenye mashindano makubwa Kigali.

Wakajaribu rangi ya kopo ya kupuliza. Ikabanduka kwa kitambaa. Wakajaribu dawa ya kutia weusi vyuma vya kawaida. Mtutu ukatoka na mabaka ya kijivu yaliyofutika kwa kidole. Namnyaki akaubeba mtutu huo hadi kwa Mwalimu Kaanaeli.

"Stenlesi ina ngozi yake," Mwalimu alisema akiugeuzageuza. "Ngozi nyembamba, huioni kwa macho. Ndiyo inayozuia kutu, na ndiyo inayoikataa dawa yenu. Kuna njia ya kuchemsha kwenye chumvi kali, lakini hiyo siruhusu mtu aifanye uani kwake. Mnahitaji rangi ya kauri, ile inayookwa."

Akaingia ndani, akatoka na kopo. Alikuwa ameliagiza ng'ambo na kulisubiri miezi mitano, kwa ajili ya ekzosi, yaani bomba la moshi, ya pikipiki ya zamani aliyokuwa akiifufua tangu astaafu. Namnyaki aliiona pikipiki yenyewe barazani, imekamilika yote isipokuwa ekzosi.

"Mwalimu, hii siwezi kuichukua."

"Chukua. Pikipiki haina mechi."

Ila rangi ile haishiki penye ulaini. Mwalimu alieleza kwamba lazima vyuma vipigwe mchanga kwa upepo wa kompresa, vikwaruzike kila mahali, ndipo viwe na pa kuishikia. Namnyaki akaenda kumwambia Elifuraha, na njia nzima alitamani angetumwa mtu mwingine.

Elifuraha alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nikauharibu mwezi wangu mzima," alisema.

"Ndiyo, kaka."

Kesho yake akawarudisha wateja wote wa mageti, akavaa miwani na barakoa, akaanza kuua mng'aro aliouzaa mwenyewe. Alipiga mchanga siku nne, mtutu baada ya mtutu, pistoni baada ya pistoni, mpaka hapakubaki hata ukingo mmoja laini. Namnyaki alipopita siku ya tatu alimkuta ameshika mtutu wa mwisho ambao haujaguswa, anautazama tu. Akaondoka bila kubisha hodi.

Vyuma vikapuliziwa rangi, vikaokwa tanurini, vikatoka vyeusi tii, weusi usiorudisha hata chembe ya mwanga. Timu nzima ilipiga makofi. Mwajabu peke yake hakupiga.

Alichukua bunduki moja. Mtutu wake akausugua kwa steliwaya, akauloweka kwenye petroli, akaudondosha juu ya mawe. Weusi ukabaki. Kisha akaifunga bunduki na kufyatua vidonge mfululizo. Kilipofika cha themanini, ikakwama. Akaipumzisha, akarudia. Ikakwama tena.

"Unene wa rangi umeziba nafasi ya pistoni," alisema. "Pistoni tuikwangue, tuiache nyeupe. Hakuna anayeiona. Na ndani ya mitutu pia."

"Rangi hiyo ni nyembamba kama karatasi ya sigara," Mwalimu alisema. "Ni mchanga umeingia. Safisha vizuri."

"Nimesafisha mara tatu, Mwalimu."

Elifuraha naye alikasirika, kwani kazi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwake. Akamwambia aendelee kuosha bunduki, ufundi awaachie mafundi. Mwajabu alimpa Namnyaki bunduki, akamwambia ahesabu. Namnyaki alifyatua akihesabu kwa sauti mbele yao wote, na kwenye sabini na tisa kidole chake kikagota. Pistoni na ndani ya mitutu vikakwanguliwa siku hiyohiyo.

Marudiano yalichezwa jua la saa sita. Mchezaji wa Moshi alipita hatua nne kutoka kwa Namnyaki, akatazama mibuni, akatazama mtutu wenyewe, akaendelea kutembea. Walishinda, na hakuna bunduki iliyokwama.

Ndipo ikaja barua ya Kigali. Kila timu ije na wachezaji sita na fundi mmoja. Tena kiwanda kimoja cha bunduki hizo kitawachukua mafundi wa timu kwa mafunzo ya miezi sita.

Namnyaki aliwaita watatu wale, akawasomea.

"Nimefundisha watu miaka thelathini," Mwalimu Kaanaeli alianza, taratibu. "Mimi sijapelekwa popote kujifunza. Na bila kopo langu mngekuwa bado mnafuta mabaka."

"Vyuma ni vyangu," alisema Elifuraha. "Nilivitengeneza, nikaviharibu mlipoomba. Sikuuliza nitapata nini."

Mwajabu alikuwa akitazama mikono yake. "Bila mimi," alisema, "mngekuwa na bunduki nzuri za kupigia picha."

Namnyaki alikubaliana na wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa. Fomu iko mbele yake. Majina sita ameshayaandika, mstari wa saba uko wazi, na leo adhuhuri lazima itumwe. Msimwambie awaandike wote, nafasi ni moja.

Haya, ninyi mliosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani?